Wageni wa Karatasi: Wamakonde na Wapemba wa Pwani ya Kenya mbele ya Huduma za Umma

Mjadala juu ya wahamiaji haramu na haki yao ya kupata huduma za umma huendeshwa katika nchi nyingi kwa kuuliza nani alivuka mpaka, alivuka lini, na aliruhusiwa na nani. Historia ya pwani ya Kenya inalazimisha maswali mengine. Katika Kwale, Kilifi na sehemu za Taita Taveta waliishi kwa zaidi ya nusu karne watu ambao wengi wao hawakuvuka mpaka wowote maishani mwao, kwa kuwa walizaliwa papo hapo walipoishi, lakini waliitwa wageni kila walipofika shuleni, hospitalini, kwa chifu au katika ofisi ya msajili wa watu. Wamakonde wa Kwale na Wapemba wa vijiji vya uvuvi ni jamii mbili miongoni mwao. Ugeni wao, ukichunguzwa kwa makini, ulitokana zaidi na sheria zilizobadilishwa wakiwa wamekwisha kukaa kuliko na safari za babu zao, na ulipata uzito wake wote pale karatasi ya uraia ilipofanywa sharti la kupata matibabu, mtihani na riziki.

Safari za Wapemba zilitangulia dola ya Kenya. Wavuvi wa Pemba, wakiwemo wale wa kisiwa cha Kojani wanaosifika kwa uvuvi wa mbali, walizoea kwenda dago, yaani kupiga kambi ya muda katika ufuo ulio mbali na kwao, wakavua kwa majuma au miezi, wakakausha na kuuza samaki, kisha wakarudi kwa kufuata misimu ya kusi na kaskazi. Wengi walioa huko dagoni, wakajenga, na kambi zikageuka vijiji, kuanzia Vanga na Shimoni upande wa kusini hadi Mayungu karibu na Malindi. Jambo ambalo mjadala wa leo hulisahau ni kwamba visiwa vya Unguja na Pemba na ufuo huo vilikuwa chini ya bendera moja nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa 1895 Uingereza ilichukua utawala wa ukanda wa maili kumi kutoka baharini kwa malipo ya kila mwaka, lakini ukanda wenyewe uliendelea kuhesabiwa kuwa milki ya Sultani, na hata mwaka 1920, bara ilipofanywa Koloni la Kenya, ukanda huo ulibaki kuwa himaya, ukiwa na maliwali, mamudiri na makadhi wake. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba akatia nanga Takaungu alikuwa ametoka sehemu moja ya milki ya Sultani akaingia nyingine. Ukanda huo ulikabidhiwa rasmi kwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru, na kwa makubaliano hayo bahari ile ile ikawa na nchi mbili.

Wamakonde waliletwa na kazi za mashamba. Kwao ni uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, na ng'ambo ya mto Ruvuma, kusini mwa Tanganyika. Utawala wa Wareno uliwabana kwa kodi na kwa shibalo, yaani kazi ya kulazimishwa ambayo mtu aliifanya kwa ujira mdogo mno au bila ujira, na hivyo maelfu walivuka Ruvuma kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako wengine waliendelea kaskazini hadi Kenya. Pwani ya Kenya iliwahitaji. Tangu utumwa ulipofutwa huko mwaka 1907, wenye mashamba makubwa walishindwa kuwapata wenyeji wa kutosha, kwa sababu Wadigo na majirani zao walikuwa na minazi na mashamba yao wenyewe na hawakuona faida ya kukata mkonge kwa ujira wa mlowezi, kwa hiyo mashamba ya mkonge ya Kwale na Taita Taveta pamoja na ya miwa ya Ramisi yalijazwa watu kutoka mbali. Kazi hiyo haikuwa nyepesi: jani la mkonge lina mwiba mkali kwenye ncha, utomvu wake huwasha ngozi, na mkataji alilipwa kwa kuhesabiwa mafungu aliyoyakata na kuyabeba hadi kando ya njia. Wengine walifika baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza Msumbiji mnamo Septemba 1964. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wafanyakazi wake wengi wa asili ya Kimakonde walibaki Kwale, hasa Msambweni, wakiishi kwa kilimo kidogo, uvuvi na uchongaji wa vinyago.

Wakati wa ukoloni hakuna aliyewauliza watu hao kama walikuwa na haki ya kuwapo. Swali la serikali lilikuwa la kazi, na chombo chake kilikuwa kipande. Sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kuwa amepita umri wa miaka 16 achukue karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara aliopewa, na sahihi ya mwajiri kuthibitisha kwamba amemruhusu kuondoka. Karatasi hiyo ilikunjwa na kutiwa katika kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni, na aliyekutwa bila kijaluba hicho, au akiwa na karatasi isiyo na sahihi ya kuachwa, alikamatwa kama mtoro. Chuki dhidi ya kipande ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi wake mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kukamatwa kwake mnamo Machi 1922 kulifuatwa na mauaji ya waandamanaji jijini Nairobi. Mfumo huo ulibadilishwa mwaka 1947 kwa sheria iliyowahusu watu wa rangi zote, lakini desturi zake mbili hazikufa: mtu kutambuliwa na serikali kwa kabila lake kwanza, na karatasi kuwa mzigo wa mbebaji, ambaye ndiye alipaswa kuthibitisha kwamba si mkosaji. Vitambulisho vya taifa vilivyofuata vilizirithi zote mbili, na kwa miaka mingi vilirithi hata ubaguzi wa kuandikisha wanaume peke yao, kwa kuwa wanawake wa Kenya hawakuanza kupewa vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Uhuru uliitenga jamii ya wafanyakazi hao kwa namna ambayo wengi wao hawakuitambua hadi miaka mingi baadaye. Katiba ya 1963 iliweka kanuni ya kuzaliwa mara mbili: mtu aliyezaliwa Kenya akawa raia tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Kenya. Mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa Ramisi mwaka 1945 kwa baba na mama waliotoka Mueda hakutimiza sharti hilo, wala mvuvi aliyezaliwa Pemba hakulitimiza, hata kama alikuwa amekaa Vanga miaka thelathini. Walipewa nafasi ya kuomba kuandikishwa ndani ya miaka miwili, lakini nafasi hiyo ilitangazwa kwa lugha ya mawakili na kutumiwa zaidi na watu wa mijini waliokuwa na wa kuwashauri. Mkata mkonge asiyejua kusoma, anayelipwa na kampuni iliyompa nyumba na kumkata kodi, hakuwa na sababu ya kudhani kwamba siku ya kushushwa kwa bendera ya Mwingereza yeye aligeuzwa mgeni.

Hata hivyo, watoto waliozaliwa baada ya siku hiyo hawakuwa na tatizo, angalau kwa maandishi. Katiba hiyo hiyo iliwapa uraia wote waliozaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963, pasipo kuuliza wazazi wao walitoka wapi, isipokuwa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Kizazi kizima cha Wamakonde na Wapemba kilikuwa kimezaliwa raia. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, Bunge lilibadili kifungu hicho, likataka mzazi mmoja awe raia, na likaamuru mabadiliko hayo yahesabiwe kuanzia siku ya uhuru. Kijana aliyezaliwa Msambweni mwaka 1966, ambaye kwa sheria alikuwa raia kwa takriban miaka ishirini, alitangazwa kuwa hakuwahi kuwa raia hata siku moja. Katika historia yote ya jambo hili hakuna kitendo kinachostahili kulaumiwa zaidi ya hicho, kwa maana kiliwanyang'anya watu haki ambayo hawakuiomba wala kuitumia vibaya, na kiliwanyang'anya kimyakimya, kwa barua ya sheria ambayo hawakupelekewa.

Madhara yake yalijitokeza polepole, kadiri dola ilivyozidi kuunganisha huduma zake na namba ya kitambulisho. Mlolongo ulianza siku ya kuzaliwa. Sheria ya kusajili vizazi haikumtaka mzazi awe raia, lakini katika ofisi mama aliulizwa kitambulisho chake au cha baba wa mtoto, na asipokuwa nacho mtoto alikosa cheti cha kuzaliwa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, mlango wa darasa ulifunguka kwa wengi, lakini cheti hicho kikaja kuhitajika ili mwanafunzi aandikishwe kwa mtihani wa taifa, hivi kwamba mtoto angeweza kukaa darasani miaka minane akamaliza bila kuonekana katika orodha ya watahiniwa. Akifika miaka kumi na minane, alipelekwa mbele ya kamati ya kupiga msasa, yaani kikao cha maofisa, machifu na wazee ambacho kiliamua kama mwombaji wa kitambulisho ni Mkenya kweli. Kikao hicho kilimtaka alete hati za babu yake, sharti ambalo kijana wa jamii isiyotiliwa shaka hakuwekewa. Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, walipitia njia hiyo hiyo. Mnamo Machi 2011 kamati ya wataalamu wa Kiafrika inayosimamia mkataba wa haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi za kupata utaifa na za kutobaguliwa, na ikaihusisha hali hiyo moja kwa moja na upungufu wa elimu na matibabu waliyoyapata.

Mtu mzima asiye na kitambulisho aliishi kwa jina la mwenzake. Hali ya mvuvi wa Kipemba inatosha kuonyesha jambo hili lilivyokuwa kwa undani. Ili aende baharini kihalali alihitaji leseni ya uvuvi, na leseni ilihitaji kitambulisho. Mashua aliyoinunua kwa fedha zake iliandikwa kwa jina la jirani au mkwe, ambaye siku ya ugomvi angeweza kuidai kuwa yake bila mahakama kumkatalia. Simu ilipokuwa mfuko wa fedha, baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, laini yake nayo ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hivyo malipo ya samaki aliowavua yalipita mikononi mwa mwenye namba kabla ya kumfikia. Hakuweza kujiunga na bima ya afya ya taifa kwa jina lake, kufungua akaunti benki wala kumiliki hati ya shamba. Baadhi yao, pamoja na Wamakonde wenzao katika shida, walijiandikisha kwa jina la kabila jingine ili wapate kitambulisho, wakaishi na hofu ya kufichuliwa, ilhali waliokataa kudanganya ndio waliokosa huduma. Sheria inayomwadhibu msema kweli namna hiyo hujenga uongo inaoukamata baadaye.

Ni haki kueleza hoja za upande wa pili, kwa kuwa hazikuwa za ukatili mtupu. Maofisa wa serikali walisema kwamba mipaka ya pwani na ya kaskazini inapenyeka kwa urahisi na kwamba kitambulisho kinachotolewa ovyo humpa muuaji njia, na baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, hoja hiyo ilisikika kwa masikio mapya. Wenyeji wa Kwale na Kilifi, ambao wengi wao wenyewe hawana hati za ardhi walimozikwa mababu zao, walihofia kwamba kutambuliwa kwa jamii nyingine kungeongeza wadai wa ardhi na wapiga kura wa kuletwa. Wengine walisema zahanati zisizo na dawa za kutosha kwa raia haziwezi kumhudumia kila apitaye. Hofu ya ardhi ni ya kweli na ina historia yake chungu. Ila hoja ya usalama inageuka dhidi ya wasemaji wake, kwa sababu mtu ambaye jina, nyumba na watoto wake havimo katika daftari lolote ndiye ambaye serikali haiwezi kumfuatilia. Hoja ya gharama nayo ilisahau kwamba watu hawa walilipa kodi za mkoloni na, tangu mwaka 1990, kodi ya ongezeko la thamani kila waliponunua sabuni, wakachangia zahanati ambazo ziliwauliza wao ni nani.

Katiba ya 2010 ililigawa suala hili kwa namna ambayo wengi wa wajadili hawajaizingatia. Hati za usajili zimewekwa kuwa haki ya kila raia, lakini huduma ya afya imeandikwa kuwa haki ya kila mtu, na pamoja nayo marufuku ya kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Na elimu ya msingi ya bure na ya lazima imeandikwa kuwa haki ya kila mtoto, sawa na jina na utaifa tangu kuzaliwa. Kwa hiyo kumzuia mtoto wa Msambweni asifanye mtihani kwa sababu baba yake hana kitambulisho kulipingana na katiba hata kabla ya kuulizwa kama familia hiyo ni ya raia. Sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango mwingine: watu wasio na utaifa, yaani wale ambao hakuna nchi inayowahesabu kuwa raia wake, waliokuwa wamekaa Kenya mfululizo tangu uhuru, pamoja na watoto wao, waliruhusiwa kuomba kuandikishwa kuwa raia ndani ya miaka mitano, na mojawapo ya masharti lilikuwa kujua Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Wapemba na Wamakonde wa pwani walitimiza sharti hilo kabla halijaandikwa.

Miaka hiyo mitano ilikwisha mnamo Agosti 2016 huku Wamakonde wakiwa bado mikono mitupu, kabla ya muda kuongezwa kwa miaka mitatu. Mnamo Oktoba mwaka huo mamia yao, wakiongozwa na wazee na wakifuatana na watetezi wa haki za binadamu, walianza safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 500, kwenda kumwona Rais. Walipokelewa Ikulu na Uhuru Kenyatta, ambaye aliwaomba radhi kwa kucheleweshwa na kuamuru waandikishwe kabla ya mwaka kwisha, na mapema mwaka 2017 vitambulisho vilianza kutolewa huko Kwale. Washona, jamii nyingine iliyokosa karatasi, ambao jamaa zao walifika miaka ya 1960 kutoka Rhodesia Kusini kueneza dini, waliahidiwa uraia katika sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 2020 na kupewa mwaka uliofuata, na Wapemba walitambuliwa mwaka 2023 chini ya Rais William Ruto.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na aliyewahi kukosa bima kwa ajili ya mtoto mgonjwa hahitaji kufundishwa thamani yake. Lakini namna ulivyopatikana inaacha mambo mawili yasiyonyooka. Kwanza, Wamakonde walitangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya, Wapemba nao wakapokelewa kama jamii, kwa hiyo mtu mmoja mmoja aliyezaliwa nchini na ambaye jamii yake ni ndogo mno kuandamana, au ambaye wazazi wake ni wa makabila tofauti yasiyo na msemaji, amebaki nje ya njia hiyo. Tena uamuzi ulitoka Ikulu kama fadhila, wakati ofisi za wilaya zilikuwa na sheria ya mwaka 2011 mezani. Hofu ya watu kama hao kuachwa nje ya huduma iliifikia Mahakama Kuu pale Wanubi na watetezi wengine waliposhtaki mpango wa Huduma Namba, namba moja ya kila huduma iliyoanza kuandikishwa mwaka 2019. Katika hukumu ya Januari 2020 majaji walizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa taarifa za mahali mtu anapoishi kwa mitambo ya setilaiti, na kuitaka serikali iweke kwanza sheria na taratibu za kutosha kabla ya kuendelea.

Jambo la pili ni la kisheria na bado linaweza kurekebishwa. Uraia waliopewa Wamakonde na Wapemba ni wa kuandikishwa, na chini ya kifungu cha 17 cha Katiba uraia wa kuandikishwa unaweza kufutwa kwa sababu mbalimbali, ikiwemo hukumu ya kifungo cha miaka mitatu au zaidi iliyotolewa ndani ya miaka mitano tangu kuandikishwa, wakati jirani wa Kidigo aliyetenda kosa lile lile hapotezi uraia wake. Mtoto aliyezaliwa Msambweni baada ya mzazi wake kuandikishwa ni raia wa kuzaliwa, lakini mzazi huyo, ambaye huenda alizaliwa kijiji hicho hicho mwaka 1966 na kuwa raia hadi sheria ilipobadilishwa, anashikilia uraia wa daraja dhaifu kuliko wa mwanawe. Bunge lililoweza kurudisha sheria nyuma hadi mwaka 1963 ili kuwaondoa watu hao lina uwezo ule ule wa kuirudisha nyuma ili kuwatambua kuwa raia wa kuzaliwa.